Watoto Hawahesabiwi

"Nyumbani mko watoto wangapi?" Mwalimu Lusekelo aliuliza kwa mara ya tatu.

Tekla, mtoto wa miaka saba, alitazama viatu vyake vipya. Kaka yake Dastan, fundi pikipiki wa Ilomba, alikuwa amemtoa kijijini Idodi kwa bibi yao ili asome huku Mbeya. Bila kupita usaili huu hapati nafasi shuleni.

"Hajui kuhesabu," mwalimu alisema huku akiandika. "Uelewa mdogo. Mrudishe tu Idodi akahesabu tembo."

"Hao tembo anawahesabu," Dastan alijibu. "Wakiingia shambani, anasikiliza mahindi yanavyovunjika, anakwambia ni wangapi. Ila watu hathubutu kuwahesabu. Karani wa sensa alipita nyumbani akatuhesabu, wiki ile ile mdogo wetu Vitus akafa. Bibi akakataza watoto wasihesabiwe tena. Ilikuwa malaria, mimi najua. Huyu hajui. Mpe maharage ahesabu, utaona."

"Ndugu yangu, kila mtoto anaulizwa hivi hivi. Nikimbadilishia wako swali, nitakuwa nimempendelea."

Huo ndio mzani wao: jiwe moja kwa kila mzigo, na usipolingana nalo, wewe ndiye mwepesi. Dastan alitaka kumwambia hivyo usoni, amshike mdogo wake mkono, waondoke vichwa juu. Lakini alikuwa ameapa mbele ya kijiji kizima kwamba Tekla atasoma mjini. Angerudi naye vipi?

Aliinama. "Tekla, mtajie."

"Bibi alisema..."

"Bibi hayupo hapa. Hesabu."

Mtoto alikunja kidole kimoja kimoja, polepole, midomo ikitaja majina bila sauti.

"Watano," alisema, kisha akaficha mikono chini ya mapaja.

"Kumbe kichwa kipo," mwalimu alicheka, akifuta alichoandika. "Alikuwa anaona aibu tu. Amepita."

Nje ya geti Dastan alimnunulia maandazi. Tekla hakuyagusa.

"Kaka, mpigie bibi. Muulize kama wote wapo."

Alipiga. Simu haikupatikana.

"Ni mtandao tu," alisema. "Si unakujua kwetu."

"Hata Vitus ulisema ni homa tu."

Dastan alipiga tena.