Pipa la Nyuma Kabisa

Kaka yangu Anselme alikuwa bingwa wa kununa. Wengine wakikasirika hupiga kelele, hubamiza milango, kisha yanaisha. Yeye alinyamaza. Aliweza kukaa nawe meza moja Kwaresima nzima, anakula supu yako, unamkatia jibini, na asikutazame usoni hata mara moja. Ni kaka yangu wa tumbo moja na namlilia mpaka leo, lakini nikimkumbuka hasira hunipanda vilevile, wala sioni haya kulisema.

Aliyemnunia kuliko wote ni mkwewe, Gauthier. Noëlie, binti wa pekee wa Anselme, alikwenda kumpenda Mburgundi. Burgundi, mkoa mwingine wa mvinyo hapa Ufaransa, si mbali na sisi. Siku isiyo na ukungu ukisimama juu ya mwamba wa kijiji unaviona vilima vyake ng'ambo ya tambarare. Lakini kwa Anselme ilikuwa kama binti kaolewa mwezini. Siku ya kuposwa aliniinamia sikioni, wageni wamejaa sebuleni, akaninong'oneza, "Zélie, hawa watu mvinyo wao wanaunyonyesha kila Jumamosi. Matokeo yake ni juisi ya watoto."

Alikuwa na maana yake. Mvinyo ukikaa pipani hupungua wenyewe, mbao zinaunywa kidogo kidogo. Wao Burgundi kila wiki hupita na kopo kujaza mapipa mpaka mdomoni, hewa isipate pa kuingia. Na sisi hapa Jura hufanya hivyo kwa mvinyo mwekundu wa udongo mwekundu, na kwa ule mweupe wa zabibu za juu kwenye mawe ya chokaa. Lakini kuna savagnin, zabibu yetu nyeupe inayokaa kwenye udongo wa kijivu chini ya mwamba, ule unaokuvua buti mvua ikinyesha. Hiyo tunaitia kwenye pipa kuukuu na kuiacha. Hujazi. Mvinyo unashuka, juu yake unatanda utando kama wa maziwa yaliyochemka, na chini ya utando huo unakaa miaka sita na zaidi mpaka unakuwa wa njano na kunukia kokwa za jozi. Ukiuchokoza utando, umeua mvinyo. Mtoto wa kijiji hiki hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Gauthier hakuwa mtoto wa kijiji hiki. Alihamia kwetu kwa sababu Anselme hakuwa na mtoto wa kiume, na alikuja na moyo wa kutaka kupendwa. Majira ya baridi ya kwanza, Anselme akiwa mnadani, kijana akashuka ghalani chini ya nyumba. Akagonga pipa moja, likalia tupu kwa juu. Mtu aliyelelewa vile angewezaje kulipita? Akalijaza. Habari za mvinyo wa njano alikuwa ameshazisikia, lakini mapipa yetu hayakuwa na alama yoyote, kila kitu kilikaa kichwani mwa Anselme. Kumbe lile lilikuwa limeshalala miaka minne.

Anselme hakufoka. Aliutoa ufunguo wa ghala msumarini, akaufunga kwenye mkanda wake, akasema, "Nyumba hii hakuna anayegusa pipa ila mimi." Baada ya hapo, kimya mpaka Pasaka.

Maskini, Gauthier alijitahidi. Kwetu mvua kubwa huporomosha ule udongo wa kijivu mpaka chini ya shamba, na kila mwaka lazima tuupandishe tena kwa mapakacha mgongoni. Hakuna kazi ninayoichukia kama hiyo. Yeye aliibeba kuwapita watu wa hapa, na jioni alikuja jikoni kwangu na matope mpaka masikioni, akiufikicha udongo kwa vidole. Aliupenda, jamani. Aliniambia kwamba laiti angepewa pipa moja tu la savagnin, pipa lililooshwa kwa maji ya moto na kufukizwa salfa utando usishike, likajazwa kila wiki, basi watu wangeonja udongo wenyewe, bila jozi juu yake. Pipa moja tu, shangazi.

Nilimfikishia Anselme. Akacheka kwa pua.

Ndipo ndugu yake Gauthier akaanza kumwita arudi kwao. Mashamba yao yalikuwa yameongezeka na kulikuwa na nyumba ya kukaa. Noëlie alianza kukonda. Huku baba, huku mume. Gauthier aliahidi kumpa ndugu yake jibu sikukuu ya Mtakatifu Vincent, msimamizi wa wakulima wa mizabibu, mwezi wa Januari, si ile iliyokuwa karibu bali ya mwaka uliofuata, kwa sababu mwaka huo ilikuwa zamu yetu kuipokea sanamu ya mtakatifu nyumbani na kuwamiminia mvinyo wakulima wote wa kijiji, na hakutaka kumwachia mzee aibu ya kusimama peke yake mlangoni.

Nilimkabili kaka yangu. Nikamwambia kijana anaondoka, na akiondoka Noëlie ataondoka naye, na hili shamba litauzwa kwa watu wasiolijua. Amwambie abaki. Neno moja tu.

"Mimi simbembelezi mtu," akasema, akaendelea kumenya tufaha lake.

Mavuno yalipita. Anselme alianza kuwa na visiri. Kila Jumamosi alishuka ghalani peke yake, akapanda na mkono wa shati umelowa, akipiga mluzi. Mluzi! Nikamtania kwamba sasa amefikia kuzungumza na mapipa. Akanijibu kwamba mwanamke wa umri wangu alitakiwa awe ameshachoka kuuliza.

Mwezi wa Mei alianguka kwenye mizabibu, upande wake wa kulia ukafa, na maneno yakafa nao. Hospitalini Noëlie aliufungua ufunguo kwenye mkanda wa baba yake na kumpa mumewe. Gauthier aliupokea kwa mikono miwili. Nilikuwepo, nilimwona. Akaniambia, "Shangazi, safari hii sikosei."

Na hakukosea, kwa jinsi alivyofahamu. Mapipa ya mbele, ya mvinyo mwekundu na wa chokaa, aliyajaza kila wiki. Safu ya nyuma, ya njano, alipita kando yake kama mtu anayepita mbele ya altare. Majira yale ya joto yalikuwa makali, mpaka mawe ya ukuta yalikuwa vuguvugu. Aliniambia vidole vinamwasha, kwamba lile pipa la nyuma kabisa, karibu na tundu la hewa, linalia tupu kuliko yote. Lakini alikuwa amejifunza. Aliliacha.

Anselme tulimrudisha nyumbani, tukamweka chumba cha chini karibu na jiko. Siku zote alifanya ishara ileile: anakunja mkono wake mzima kama ameshika kitu, anauinamisha polepole. Anamimina. Noëlie akaelewa kwamba ana kiu, akamletea maji. Akayasukuma. Akamletea ule mvinyo mtamu ambao sisi huupata kwa kuzilaza zabibu juu ya majani makavu darini mpaka zinyauke, kwa kuwa ndio tunaowapa wagonjwa na wanawake waliojifungua tangu enzi za bibi zetu. Akautema kwenye shuka. Kisha akarudia: anakunja mkono, anauinamisha. Tukamletea supu, kahawa, mtindi, kila kitu kinachomiminika. Mwisho aliugeukia ukuta, machozi yakamtoka, nasi tukasema ni ugonjwa.

Krismasi ilipopita, maneno yakaanza kurudi moja moja. Siku chache kabla ya Mtakatifu Vincent, nyumba imefagiliwa, mimi na Noëlie tunachagua kuku wa kupika na uyoga, Anselme akasema sentensi yake ya kwanza iliyonyooka.

"Nipelekeni chini."

Gauthier alimbeba juu ya kiti, jirani mmoja akishika upande wa pili. Mimi nilitangulia na taa. Chini kulikuwa kumefagiliwa kama kanisani, na nilimwona Anselme akilitambua hilo. Gauthier, akihema, akamwambia kwa fahari ambayo bado inanichoma, "Safu ya nyuma sikuigusa, baba. Hata pipa moja."

Anselme alimtazama. Usoni, tena kwa muda mrefu, yeye ambaye alikuwa hamtazami. Kisha akaelekeza fimbo mwisho wa safu. Wakamsogeza. Akagonga pipa la nyuma kabisa, likalia kama ngoma. Akagonga tena, chini kidogo. Ngoma.

Akaelekeza fimbo nyuma ya pipa. Gauthier akapiga magoti, akaingiza mkono kati ya pipa na ukuta, akatoa chupa kubwa ya kioo iliyofumiwa kikapu, ndani yake mvinyo wa kujazia umebaki robo. Akatoa na kopo jipya la shaba lenye mdomo mrefu mwembamba. Alilitambua kabla hajaligeuza. Ni kopo la kwao, la kujazia mapipa, hapa kwetu hayatengenezwi ya namna ile. Na mwisho akatoa masalio ya utambi wa salfa.

Gauthier alikitoa kizibo cha pipa, akachota kidogo, lakini hata kabla hajanusa mimi nilishaisikia ile harufu kutoka nilipokuwa. Siki. Siki tupu. Pipa lililooshwa na kufukizwa salfa utando usishike, kisha likaachwa nusu kwenye joto lile, lingekuwa nini kingine?

"Lako," Anselme akasema. Aliyavuta maneno kama anayeyatoa kwenye udongo. "Savagnin ya kijivu. Ile nzuri. Kwa namna yenu. Nilitaka niwamiminie... mbele ya wote. Niseme ni ya mkwe wangu."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Mbona hukujaza?"

Gauthier alikaa chini pale pale kwenye vumbi. "Ulinikataza," akasema. "Nilikuwa nakuheshimu."

Sijawahi kumwona kaka yangu akiangua kilio, si kwenye msiba wa mama, si wa mkewe. Siku ile alilia na nusu ya uso wake, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa haiwezi. Aliunyoosha ule mkono mzima, akaukunja, akauinamisha polepole, anamimina. Noëlie, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, akaziba mdomo kwa aproni. Miezi yote ile tulikuwa tukimnywesha.

Sikukuu tuliifanya. Sanamu iliingia, watu wakaimba, tukawamiminia mvinyo wa njano na jibini na jozi, na hakuna aliyejua tulichokikosa. Gauthier alimpigia simu ndugu yake, akamwambia anabaki. Ndiyo, alibaki. Usinihurumie kwa hilo, nililipata nililoliomba. Usiku wa sikukuu Anselme alimshika mkono akamwambia, mavuno yajayo tutafanya tena, wewe na mimi, nami nitakuonyesha pa kuchuma. Kuanzia siku hiyo walikaa pamoja karibu na jiko kila jioni, wanabishana juu ya udongo, mzee akimtania kuhusu juisi ya watoto, mmoja anasema kwa kasi na mwingine neno moja moja, na mimi niliyewasubiri miaka yote hiyo nilikuwa naosha vyombo polepole nisije nikawakatiza.

Anselme alikufa Juni, mizabibu ikiwa kwenye maua. Mavuno hakuyaona.

Gauthier alichuma savagnin ya kijivu mwenyewe, akikisia tu ni mistari ipi mzee angemwonyesha. Aliliosha pipa, akalifukiza, akalijaza kila Jumamosi kwa lile kopo la shaba. Siki ya lile pipa la kwanza hakuimwaga. Tunaitia kwenye saladi, na bado ipo.

Zamu yetu ya kumpokea mtakatifu ilirudi mwaka jana. Gauthier alimimina mvinyo wake, na wazee wa kijiji wakaunusa, wakauzungusha mdomoni, wakatazamana. Wakasema ni mzuri. Kweli ni mzuri; una ukali wa limau na kitu kama jiwe lililonyeshewa, naujua, ndio ule udongo uliokuwa ukinivua buti tangu nikiwa msichana. Walimpongeza mmoja mmoja. Yeye alishukuru, lakini alikuwa anatazama kiti kilicho karibu na jiko, nami nilikuwa nakitazama pia. Tulikuwa tunasubiri mtu aseme kwamba ni juisi ya watoto, na hakuna aliyesema.