Mbuzi Wawili wa Kusema Pole

"...wawili, Sheila! Si mmoja, wawili! Siku moja, barabara moja, na hawakukutana!"

Kathambi alikuwa bado mlangoni, begi moja begani na lingine limenaswa kwenye komeo, na tayari alishaanza hadithi kutoka katikati. Sheila, mwenzake wa chumba katika hosteli ya chuo hapo Nchiru, alikuwa kitandani akichambua ndengu kwenye sinia. Alimwambia aingie kwanza, anywe maji, halafu aseme wawili nini.

"Mbuzi," Kathambi akasema, akaketi juu ya ndoo.

Basi ikabidi arudi nyuma, na kurudi nyuma ndiyo kazi iliyomshinda tangu utotoni. Wiki nzima ya mapumziko alikuwa amekaa kwao Kianjai na habari hii kifuani, amekatazwa na wakili kuitaja kwenye simu. Ilikuwa imemkaba kweli kweli.

Ajali yenyewe Sheila aliijua. Hosteli nzima iliijua, kwa kuwa Kathambi mwenyewe ndiye aliyeitangaza kuanzia getini mpaka kwa mama wa chapati. Mwezi mmoja uliopita baba yake, mzee Gitobu, alikuwa akipeleka avokado sokoni Ishiara. Kwenye kona moja kabla ya kufika, pikapu yake ikakutana uso kwa uso na gari aina ya probox la mtu anaitwa Njiru, mfanyabiashara wa kuku. Boneti zikakunjana kama makaratasi. Hakuna aliyekufa, shukuru Mungu. Mzee Gitobu alitoka na jeraha kwenye paji la uso, Njiru akavunjika mguu, na kuku wakatawanyika porini mpaka watu wa hapo wakawakimbiza wote na kuwarudisha. Wote, hata jogoo mmoja aliyekuwa amepanda mti.

Halafu polisi wakachukua leseni ya mzee Gitobu.

Hapo ndipo nyumba ilipoingia baridi. Mzee Gitobu ameendesha gari miaka thelathini na moja bila kuandikiwa kosa hata moja, na hilo hulisema harusini, hulisema kanisani, hulisema hata matangani. Sasa aliambiwa asubiri. Ikionekana kosa ni lake, atapelekwa kortini kwa kuendesha gari bila uangalifu, na mguu wa Njiru utakuwa juu yake. Akawa anakaa kwenye stuli nje ya jikoni, ufunguo wa pikapu mkononi, na pikapu yenyewe iko gereji haina uso.

Mama yake Kathambi, Gladwell, akawatafutia wakili, mtoto wa mwenzake wa kikundi cha akina mama kanisani. Ofisi ya Wakili Karambu iko Embu mjini, juu ya duka la mbegu, na ukiingia unasalimiwa na harufu ya dawa ya ng'ombe. Alisoma karatasi za polisi polepole, akavua miwani, akampa mzee masharti. Asiende kwa Njiru. Asimpigie simu. Na hata wakikutana barabarani, asiombe msamaha. Mkataba wa bima, akaeleza, unamkataza mtu kukubali kosa kabla kampuni haijaruhusu. Akikubali, kampuni inaweza kujitoa na kumwacha abebe mzigo wote peke yake.

Mzee Gitobu alimsikiliza mpaka mwisho, kofia magotini.

"Mtu amevunjika mguu na gari yangu," akasema. "Nisimwambie pole? Mimi ni jiwe?"

Wakili akamjibu kwa upole kwamba awe jiwe kwa miezi miwili tu. Halafu akamgeukia Kathambi, msomi wa familia, akampa kazi ya kumchunga. Na Kathambi, mwenye somo moja la sheria ya biashara na alama ya B, akaahidi kwa niaba ya serikali yote.

Hapa Sheila aliacha ndengu. Alimjua mzee Gitobu. Siku aliyomleta Kathambi hosteli, alimkanyaga paka wa mwenye nyumba mkia, na wiki iliyofuata akamtumia yule paka maziwa kutoka Kianjai.

"Alienda," Sheila akasema.

"Si ndiyo nakwambia."

Jumamosi asubuhi Kathambi aliamka, akatoka kuwapa mbuzi majani, akahesabu. Wanne. Jana walikuwa watano. Yule wa kahawia, mwenye pembe moja iliyopinda, hayuko. Na baba hayuko. Akamkuta mama yake anakatakata sukuma wiki kwa kasi ya mtu ambaye hataki kuulizwa kitu. Akamuuliza. Mama akasema baba ameenda mkutano wa kanisa. Kathambi akauliza kama mbuzi naye ameenda mkutano. Mama akaweka kisu chini, akasema kwamba kwao, mtu akiumia mkononi mwako, unamtembelea na mbuzi na mkungu wa ndizi, unamtazama usoni, ndipo unaweza kula chakula kikashuka. Mzee alikuwa hali chakula vizuri tangu ajali. Yeye ndiye aliyemwambia aende.

Kathambi alikuwa bado ameshika kichwa wakati gari lilipopiga honi getini. Akashuka mwanamume mmoja mwenye faili nene na viatu visivyojua matope. Alijitambulisha: Kaburu, mpelelezi wa kampuni ya bima. Alikuwa amekuja kuandika maelezo ya mzee Gitobu.

Kathambi akamkaribisha, akamtolea kiti, akamwambia mzee yuko kanisani. Bwana Kaburu akasema atangoja, chai haikatazwi. Akafungua faili, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama, tangu siku ya ajali, mzee amewasiliana na Njiru kwa njia yoyote. Kathambi akasema hapana kabisa. Alisema kwa uso mkavu hata yeye akajiamini.

Na Mungu ana mambo. Kabla kalamu haijaachana na karatasi, bodaboda ikaingia mpaka mlangoni. Nyuma yake kuna kijana mrefu, shati limepigwa pasi, amekumbatia mbuzi mweupe kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki, na kidole kimoja kinaning'iniza galoni ndogo ya asali.

Kathambi hakumjua. Alichojua ni kwamba mbuzi na mpelelezi hawafai kuwa kwenye boma moja. Akapaza sauti, akasema, karibu, wewe si ndiye mnunuzi, zizi liko huko nyuma, pitia huko.

Kijana akashuka, akamsalimia mama kwa heshima, akamsalimia Bwana Kaburu, akamtua mbuzi.

"Dada, mimi sinunui," akasema. "Naitwa Munyi, ni mwalimu kule Ishiara. Nimetumwa na mjomba wangu, Njiru. Yule aliyegongana na mzee wa hapa."

Bwana Kaburu akageuza kiti chake polepole.

Munyi akaeleza, na alieleza kama anayeandika ubaoni. Siku ile kwenye kona kulikuwa na mbuzi wamelala upande wa mjomba wake. Mjomba akawakwepa, akaingia upande wa mzee Gitobu. Kwa hivyo kosa ni lake, amechoka kulala nalo kila siku, na kwa sababu mguu umefungwa plasta ameona atume mtu na mbuzi na asali ya nyumbani aombe msamaha.

Bwana Kaburu aliandika yote. Kathambi alitaka kumbusu yule mbuzi. Baba yake ameokoka, akawaza, kosa si lake, mwenye kosa amejileta mwenyewe mpaka mlangoni na asali juu.

Simu yake ikalia. Ni baba. Simu ile ilianguka zamani na haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hivyo boma lote likasikia.

"Kathambi, nimefika kwa Njiru," mzee Gitobu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ajali sauti yake ilikuwa na nyama. "Nimemwambia kosa ni langu. Kulikuwa na lundo la kokoto upande wangu, la wale wa kutengeneza barabara, nikalikwepa nikaingia upande wake. Lakini watu wa hapa wananicheka tu, sijui kwa nini. Hata Njiru anacheka mpaka mguu unamuuma. Mbuzi nimempa."

Mbuzi mweupe akalia mara moja, kama amejibu.

Kathambi alikuwa amepewa kazi moja tu. Leseni ya baba, bima ya baba, miaka thelathini na moja, vyote vimeingia kwenye faili ya mtu ambaye sasa alikuwa ameweka kikombe chini na anachora kitu kwa kalamu. Alichora barabara. Akachora kona. Akaweka kokoto huku, mbuzi huku. Akatazama, akageuza karatasi juu chini, akatazama tena.

"Mwalimu," akamwambia Munyi, "hebu nisaidie hesabu. Njiru anasema alikuwa upande wa Gitobu. Gitobu anasema alikuwa upande wa Njiru."

"Ndiyo."

"Sasa waligongana wapi? Si wangepishana vizuri, kila mtu aende zake?"

Mama Gladwell ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka akashika ukuta. Halafu Munyi, halafu mwenye bodaboda ambaye hakuwa hata anaelewa, na mwisho Bwana Kaburu mwenyewe, faili ikitetemeka juu ya goti. Ni Kathambi peke yake aliyekuwa hajacheka, kwa sababu alikuwa anampigia wakili kukiri.

Wakili Karambu alimsikiliza bila kumkatiza. Halafu akaomba aongee na mpelelezi. Alimwuliza kama yeye ni mtu wa wapi, Bwana Kaburu akasema Nkubu. Basi akamwuliza, kwao Nkubu, mtu akianguka mwenyewe kutoka kwenye mti wa avokado, watu hawampelekei mbuzi? Bwana Kaburu akakubali kwamba wanampelekea. Na aliyepeleka ndiye aliyemsukuma? La. Basi mbuzi ni wa pole, wakili akasema, mbuzi si wa kosa, na ushahidi ni kwamba siku hiyo mbuzi walienda pande zote mbili.

"Miaka kumi na minne kwa kazi hii," akaongeza, "watu wanapigania kukataa lawama. Hawa wawili wananyang'anyana."

Kwenye faili Bwana Kaburu aliandika kwamba wahusika wametembeleana. Kisha akaenda kwenye kona na futi yake ya kupimia. Lundo la kokoto lilikuwa bado liko, bila kibao cha kuonya mtu. Na mchoro wa polisi, ukiutazama sasa kwa macho mapya, ulionyesha vioo vimemwagika katikati ya barabara kabisa, juu ya mstari. Kila mmoja alikuwa amesogea kidogo tu. Hofu ndiyo iliyowaambia wamesogea sana.

Jumatano mawakili wa pande zote wakakubaliana lawama igawanywe nusu kwa nusu, na bima zote mbili zikabaki kazini. Mkandarasi wa kokoto ameandikiwa barua. Huyo ndiye Wakili Karambu anayemtaka kwa hamu. Na leo asubuhi, kabla Kathambi hajapanda gari la kurudi Nchiru, polisi walimwita mzee Gitobu, wakamwonya aendeshe polepole kwenye kona, wakamrudishia leseni. Njiru naye alionywa, kwa simu, akiwa amelaza mguu. Mzee aliifuta ile leseni kwenye shati pande zote, akaiweka mfuko wa kifua, akaomba chakula. Alikula sahani mbili.

Sheila akarudi kwenye ndengu zake. Halafu akauliza mbuzi wako wapi sasa.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mbuzi wa pole harudishwi. Kwa hivyo wa kahawia amebaki kwa Njiru, mweupe amebaki Kianjai, na wazee wawili wamepigiana simu wakaona mmoja lazima aliwe pamoja. Mzee Gitobu ameazima gari la shemeji yake, na kesho ataendesha mwenyewe mpaka Ishiara kwa Njiru, mara ya kwanza tangu siku ile, na saa moja asubuhi atampitia Kathambi hapo barabarani. Atapita kwenye kona ileile. Amesema atapiga honi kuanzia mbali.

"Na huyo mwalimu?" Sheila akauliza.

"Mwalimu gani?"

"Kathambi."

Kathambi alikuwa tayari ameinuka kutoka kwenye ndoo, anatafuta pasi, uso umegeukia ukutani ambako hakuna kitu cha kutazama. Sheila akachota konzi ya ndengu, akaiinua tayari kumrushia, akamwambia anahesabu mpaka tatu.

"Kesho," Kathambi akasema akikinga uso kwa gauni. "Kesho jioni nikirudi nitakwambia yote. Na safari hii naanzia mwanzo."