Mluzi Kwenye Redio Mpya

Redio ya zamani ilikuwa juu ya meza ya kazi, nyaya zake zimening'inia, na mluzi wake bado ulikuwa masikioni mwangu. Hilo lilinikera, kwa sababu tulikuwa tumeshaing'oa kwenye helikopta siku tatu zilizopita.

Kazi hii nilikuwa nimeisubiri kwa miaka. Kikosi chetu cha helikopta za jeshi, hapa mjini Townsville, kilikuwa cha mwisho kuletewa redio mpya, na mimi, Sajini Darryl Pethick, fundi wa redio kwa miaka ishirini na miwili, niliapa kwamba siku masanduku yale yatakapofika nitafurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu alisema hilo si gumu. Masanduku yakafika, tukafunga redio mpya, nikavaa hedifoni, nikawasha. Mluzi ulikuwa ule ule, mwembamba, haukatiki.

"Kuna mluzi," nilimwambia Koplo Tavita Leota, mwenzangu wa kazi.

Alivaa hedifoni, akasikiliza kwa utulivu wa mtu anayeonja mchuzi. "Mimi sisikii kitu, bosi. Iko safi kabisa."

"Kasafishe masikio."

Basi tukaanza kuhangaika. Tulibadilisha waya wa antena. Tukakwangua rangi pale waya wa ethi, ule wa kutuliza umeme, unapofungwa kwenye bodi, tukaufunga upya. Tukaichomoa redio nzima na kuweka nyingine. Kila niliposikiliza, mluzi ulikuwa pale pale ukinisubiri. Januari ya Townsville haina huruma. Jasho lilinichuruzika hadi ndani ya buti, na pai yangu ya nyama ya saa nne niliisahau juu ya meza ikaliwa na sisimizi. Sikuweza kukaa chini. Nilimfokea Leota kwa kupoteza bisibisi iliyokuwa mfukoni mwangu mwenyewe.

Huko kaskazini mito ilikuwa imefurika, na watu walikuwa juu ya mapaa wakisubiri kuchukuliwa. Kapteni Gemma Harcourt, rubani wa helikopta ile, alikuja mara tatu kuuliza kama tumemaliza. Mara ya tatu alipanda na kusikiliza mwenyewe.

"Kwangu iko safi, Sajini. Sijawahi kuruka na redio safi namna hii."

"Nipe saa moja tu, afande."

"Moja," alisema, akitazama saa yake ya mkononi. "Safari hii nahesabu."

Bila saini yangu hakuwa na ruhusa ya kuruka. Kwenye kitabu cha ndege, kazi ya redio hutiwa saini mbili: ya aliyeifanya, na ya aliyeikagua kwa masikio yake. Leota alikuwa ameshatia yake. Mkaguzi nilikuwa mimi.

Nikapanda tena, nikafumba macho. "Zima swichi moja moja," nilimwambia Leota. "Nitakwambia ukiigusa yenye kasoro."

"Haya. Hii?"

"Bado upo."

"Na hii?"

"Upo."

"Na sasa?"

"Upo vilevile, Tavita. Haujapungua hata chembe."

Nikafumbua macho. Leota alikuwa amesimama mlangoni mwa helikopta, plagi ya hedifoni yangu mkononi mwake. Haikuwa imechomekwa popote.

Mtu huyu hucheka hata kwenye gwaride, lakini hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kitambo sasa, bosi?" aliuliza.

Nilitaka kukana. Lakini kila mwaka zahanati ya kambi hutupima masikio. Unakaa kwenye kibanda cha kioo, nesi anakutumia milio midogo, ukisikia unabonyeza kitufe. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikibonyeza kwa kumtazama nesi Corrine begani, maana kila anapotuma mlio bega lake la kulia hushuka kidogo. Nilijiambia ni uchovu tu. Nilijiambia kila fundi hufanya hivyo.

"Tia saini," Leota alisema kwa sauti ya chini. "Redio ni nzima. Mimi nimeisikia, kapteni ameisikia. Nani ataumia? Mimi sijaona kitu."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na wala hakusema uongo. Nikachukua kalamu. Lakini badala ya ukurasa wa siku ile, nilijikuta nafunua za nyuma, hadi mwezi wa Juni. Hapo Kapteni Harcourt alikuwa ameandika: Mlio mwembamba kwenye redio, kama wa mbu, unameza maneno. Chini yake ulikuwa mwandiko wangu: Nimesikiliza. Ni kawaida. Hakuna hitilafu. Nikakumbuka nilivyowachekesha wenzangu siku ile, kwamba marubani wa siku hizi wanadeka. Kapteni aliruka na mbu yule miezi saba, kwa sababu mimi kila redio niliisikia ikipiga mluzi.

Aibu ilinipanda hadi shingoni. Nilimrudishia Leota kalamu, nikavuka uwanja hadi banda la pili kumwita Sajini Ruddock, fundi wa redio mwenye ruhusa ya kukagua kama mimi, mtu ambaye sijapata kumwomba hata chumvi.

"Njoo unikagulie redio," nilisema.

"Wewe? Una nini leo?"

"Sisikii."

Akaanza kutabasamu, akidhani namtania. Kisha akanitazama vizuri, akachukua kofia yake, akatoka kuelekea helikopta.

Mimi nilikwenda moja kwa moja zahanati. Nesi Corrine alishangaa kuniona. Zamu yangu ya kupimwa ilikuwa Aprili. Nikaingia kwenye kibanda, nikageuza kiti mpaka nikatazamana na ukuta.

"Kiti hukaa upande huu, Sajini," alisema kwenye spika.

"Leo kiache kikae hivi."

Sakafu ikaanza kutetemeka. Helikopta ilikuwa ikiinuka kuelekea kaskazini, na niliisikia kwa nyayo. Nikangoja mpaka mtetemo uishe. Kisha nikabaki na mluzi wangu, kidole gumba juu ya kitufe, nikitafuta nyuma yake kitu kingine chochote cha kusikia.