Toleo Jipya la Baba

Jumamosi Alistidia alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, Buganguzi, akimenya ndizi za mchana, mdogo wake Gozbert alipoingia na pikipiki kutoka Buhembe. Gozbert hakuzima injini kwanza. Alijipapasa mfuko wa shati kuhakikisha kitu alichobeba bado kipo, ndipo akazima. Alistidia aliliona hilo, akaendelea kumenya, ila ganda likawa linatoka nene na nusu ya ndizi ikienda nalo.

"Limetoka," Gozbert akasema. "Toleo jipya."

"Na salamu?"

"Aa, dada, samahani. Hamjambo hapa?"

"Hamjambo na nani? Niko peke yangu."

Kitu chenyewe kilikuwa kikasha cheusi, udogo wake kama kipande cha sabuni, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta ya marehemu baba yao. Kompyuta hiyo ni ya zamani, ya zile za nyumbani za miaka ya themanini, ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja na kioo chake ni televisheni yako mwenyewe. Mzee Rugaibula aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Kidenishi aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa alichofuma mkewe, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa kompyuta peke yake kuanzia pale mpaka kwenye lami. Huko duniani bado wako watu wanaozipenda mashine hizo. Wanaziandikia programu ya kuwashia kwa mapenzi tu, na kila wakiongeza jambo wanatoa toleo jipya. Fundi Datius wa Bukoba mjini huyavuta matoleo hayo kwenye mtandao, akayaingiza kwenye kikasha.

Tangu mzee afariki, programu hiyo humleta na yeye.

Toleo la zamani, lililokuwa la kaseti, lilimleta kwa taabu. Kaseti ilipiga makelele mpaka maharage yakakaribia kuiva, na mzee mwenyewe alikuja kwa vipande: kikohozi kwanza, halafu gambuti, halafu yeye. Umeme ukikatika katikati ya maneno, ukirudi alianza upya tangu salamu. Sauti ilikuwa kubwa mno na hapakuwa na mahali pa kuipunguza. Jirani yao Jovitha alimwambia Alistidia asilalamike, maana marehemu mume wake yeye huja bila mashine, siku anayotaka, tena amelewa, na hakuna pa kumzimia.

Gozbert akachomeka kikasha, akawasha. Televisheni ya chogo ikanguruma kidogo, kioo kikawa cha bluu, na kwa Kiswahili safi kilichotafsiriwa na mtu asiyejulikana yakatokea maandishi: *Karibu, Gozbert.* Chini yake menyu. Hakuna kaseti tena, hakuna makelele. Gozbert alibonyeza kitufe kimoja na Mzee Rugaibula akatoka chumbani mzima mzima, na fulana yake ya ndani na gambuti zake, akikaza mkanda.

"Gozi, umechelewa."

"Barabara, Tata," akamjibu baba yake. "Wanachimba pale Muleba."

Mzee akakaa. Alitazama dirishani akasema kahawa za upande wa chini zimeachiwa machipukizi mengi, na mgomba ule wa karibu na... hapo umeme ukakatika. Gozbert akapata muda wa kwenda kuegesha pikipiki kivulini. Umeme uliporudi, mzee alikuwa pale pale kwenye kiti akimalizia, choo, ukatwe. Gozbert alipiga paja kwa furaha. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya: programu sasa hukumbuka mlipokomea.

Alistidia alisimama mlangoni, mikono imejaa utomvu.

"Shikamoo, Tata."

Mzee aligeuza uso upande wa mlango, kama mtu aliyesikia pazia likipigwa na upepo, kisha akamrudia mwanawe.

"Gozi, hebu waambie walete maji."

Walete. Akina nani hao? Alistidia akayaleta. Mzee alikunywa, akarudisha kikombe bila kuangalia mkono uliokipokea, akaendelea kuuliza habari za watoto wa Buhembe, nani yuko darasa la ngapi, nani anaimba kwaya, na kila alichojibiwa alikicheka mpaka machozi.

Sasa tusiseme Alistidia alihuzunika. Huzuni ni kitu cha heshima, mtu unaweza kukaa nayo kanisani. Alichokuwa nacho Alistidia kilikuwa wivu, wivu hasa, wa kumnyima usingizi. Aliporudi kwa baba yake baada ya mumewe kufa kule Ijumbi, mzee alikuwa ameshaanza kuanguka anguka. Ni nani aliyemwogesha? Ni nani aliyemkata kucha, akamsagia chakula, akalala kwenye mkeka mlangoni pake asije akaamka akapotea migombani? Gozbert alikuwa akija Krismasi na sukari, na nyama imefungwa kwenye gazeti, anapiga picha na mzee, anaondoka kabla ya mvua. Na leo huyo ndiye wa kuchekewa! Alistidia alijua kabisa kwamba mdogo wake si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana mtu mbaya angalau ungemchukia ukapumzika.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimkalisha Gozbert kwenye kiti cha baba yake, ukamkabidhi mkuki na kibanja chote, migomba na kahawa zake, akawa omusika, mrithi wa nyumba. Alistidia akaambiwa atakaa, yaani atakaa tu, mpaka hapo litakapozungumzwa jingine. Jioni ile ile fundi Datius, aliyekuwa amekuja kufunga spika, ndiye aliyeandika jina la omusika kwenye kompyuta, kwa sababu programu iliuliza mwenye mashine ni nani na wazee wote wakanyoosha kidole upande mmoja.

Gozbert alipoondoka Jumapili mchana, Alistidia alifunga mlango, akawasha. *Karibu, Gozbert.* Akabonyeza kitufe alichoona kimebonyezwa. Chumbani kimya. Akabonyeza tena. Akaita, "Tata, ni mimi." Ilikuwa mchana kweupe, kuku wanapiga kelele nje, na yeye amekaa mbele ya kioo cha bluu anangoja kama mtu aliyepitwa na gari. Mwishowe akacheza mchezo wa mpira uliokuwemo kwenye menyu, akafungwa, akazima.

Wiki iliyofuata akajaribu kwa njia nyingine. Alivaa koti la mvua ambalo Gozbert alilisahau, akakaa kwenye kiti cha omusika ambacho mwanamke hakaliagi, na akabonyeza kwa kidole cha shahada kwa nguvu, namna Gozbert anavyobonyeza. Safari hii mlango wa chumbani ulifunguka. Mzee Rugaibula alitokeza kichwa. Alimtazama Alistidia kuanzia kofia ya koti mpaka magoti, bila hasira yoyote.

"Gozbert yuko wapi?"

"Yuko Buhembe, Tata. Lakini mimi nipo."

"Basi akija mniite," mzee akasema, akarudishia mlango taratibu kwa kuwa bawaba ilikuwa mbovu na aliijua.

Alistidia alilia kwa hasira, akalitupa koti la watu nje kwenye matope, halafu akaenda kuliokota akalifua.

Gozbert aliposikia, alicheka kidogo kwenye simu. "Dada, si nikija namwasha, tunamwona wote?"

"Unamwona wewe. Mimi namletea maji."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Alistidia akamkatia simu. Siku ya gulio akapanda gari la Bukoba, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi Datius. Fundi alikuwa amefungua redio ya mtu, miwani iko kwenye ncha ya pua.

"Fundi, nataka ufute jina la Gozbert uweke langu."

"Ma Alistidia, waitu, ndugu yetu, hiyo siwezi. Nafasi ni ya jina moja. Nikimfuta omusika, ukoo mzima utanijia hapa na fimbo."

"Baba ni wangu pia."

"Nani amekataa? Mimi nasema programu." Datius akaweka bisibisi chini. "Ila subiri toleo lijalo. Watu wamelalamika sana huko duniani. Kuna mama mmoja Poland ana kaka kama wako, huyo kaandika kila wiki. Wamekubali kuongeza nafasi ya jina la pili."

Alistidia akasubiri. Alisubiri palizi ikapita, senene wakaanguka, watu wakawanyonyoa mbawa na kuwakaanga, na wakati wote huo Gozbert alikuja mara kwa mara kumwasha mzee. Walizungumzia mbolea. Walizungumzia mtu wa kuajiriwa kuangalia kibanja, na mzee akaona ni wazo zuri, kwa kuwa, alisema, nyumba haifai kukaa bila mtu. Alistidia alikuwa anapanga vikombe pale pale. Kikombe kimoja kikavunjika mkononi mwake, na mzee akamwambia Gozbert kuna paka ameingia.

Toleo lilipotoka, Datius mwenyewe ndiye aliyempigia simu. Alistidia alifika mjini kabla fundi hajafungua kibanda. Jina liliandikwa mbele ya macho yake, herufi moja moja, akalisoma mara ya pili kwa sauti, A-L-I-S-T-I-D-I-A, Datius akahifadhi, akamfungia kikasha kwenye karatasi. Njiani alikishika kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa mpaka akamsalimia mke wa Gozbert aliyepishana naye stendi, mtu ambaye kwa kawaida wanapitana kama hawajuani.

Nyumbani alibandika ndizi jikoni, akaoga, akavaa gauni la kanisani, akawasha. Kioo kikaja cha bluu. *Gozbert*, na chini yake, *Alistidia*. Akachagua la chini. Akabonyeza.

Mlango wa chumbani ulifunguka mara moja. Mzee Rugaibula akatoka amevaa suruali ya kitambaa, koti, na viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi. Alimtazama Alistidia usoni, akamtambua, akatabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo.

"Alistidia!"

"Abee, Tata!"

Mzee alikuwa ameshavuta kile kiti kizuri cha karibu na dirisha, anakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Karibu, karibu sana, waitu. Kaa hapa. Pole na safari. Hawajambo huko kwenu Ijumbi?"

Alistidia alikitazama kile kiti, kiti cha wageni.

"Hawajambo," akasema, akakaa.

"Na mwenzio? Mashamba yanaendeleaje?"

Mwenzie alikuwa kaburini, na shamba la Ijumbi shemeji zake walishaligawana hata udongo haujakauka. "Anakusalimu," akasema.

"Ahsante. Mwambie nimezipokea." Mzee akaenda kwenye kabati, akarudi na kikapu kidogo chenye mfuniko, akakifungua mbele yake kwa mikono miwili. Zilikuwa kahawa za kutafuna, akamwani, zile za kumpokelea mtu aliyetoka mbali. Mtoto wa nyumba hapewi. Mtoto wa nyumba ndiye anayetumwa kuzileta. Alistidia alichukua punje mbili, akashukuru inavyopasa, akazitafuna. Zilikuwa zimekaushwa vizuri. Alizikausha yeye mwenyewe.

Wakazungumza vizuri tu. Mzee alikuwa mchangamfu, alimuuliza mambo mengi na kumsikiliza yote, akamsifia gauni, na kila alichouliza kilikuwa cha Ijumbi. Alistidia alijibu kila kitu. Mara moja alijaribu kusema, "Tata, mimi nakaa hapa," na mzee akacheka kwa upole akasema ndiyo, kaa, kaa, hapa ni kwa baba yako, jisikie uko nyumbani.

Kisha akatazama jua.

"Unalala, au unarudi leo?"

Alistidia aliangalia upande wa chumba cha pili. Kulikuwa na kitanda kimoja cha wageni, nacho ndicho alicholalia miaka yote.

"Narudi leo, Tata."

"Basi nikusindikize, usije ukakosa gari."

Akamshikia mkoba, wakapita migombani, mzee mbele akimwondolea majani makavu yasimguse gauni, mpaka mwisho wa kibanja kwenye barabara ya vumbi. Pale akampa mkoba wake. "Wasalimie wote," akasema. "Na usitutupe, uje tena kututembelea." Alistidia akapiga goti, akasema amesikia.

Jovitha alikuwa anapita na kuni kichwani. "Alistidia, unatoka?"

"Nasindikizwa."

"Haya. Shikamoo, Ta Rugaibula."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, na Jovitha akaenda zake.

Mzee Rugaibula hakuwa mtu wa kumpa mgeni mgongo. Alisimama na mikono nyuma, akingoja apotee machoni kwanza. Ikabidi Alistidia atembee. Alitembea mpaka kwenye kona, akageuka, akamwona bado amesimama, akampungia mkono, naye akapungiwa. Akakata kona, akaingia kwenye kahawa za watu, akachuchumaa na gauni lake la kanisani. Kutoka pale alisikia harufu ya ndizi zake zikiungua jikoni. Hakuthubutu kutokeza kichwa. Akakaa pale pale, akingoja baba aingie ndani ili naye apate kurudi nyumbani.