Vifurushi Kumi na Kimoja

Sanduku lilifika Jumatatu asubuhi, limefungwa kwa kamba ya bluu kama mzigo wa mtu aendaye mbali. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nene: "Kwa majirani zangu wa Kijiji cha Mto Mwembamba. Binti wa kampuni, tafadhali wagawie."

Binti wa kampuni ni Eun-chae. Kazi yake katika ile ofisi ya michezo ya kompyuta ya Pangyo, Korea, ilikuwa kujibu barua za wachezaji. Alilifungua sanduku palepale kwenye meza ya chai, akakuta vifurushi kumi na kimoja vya gazeti, kila kimoja na jina lake. Kwak. Mzee Bong. Mama Dalnim. Harufu ya gondre, mboga za majani ya milimani zilizokaushwa juani, ikajaa chumba. Katika majina yale yote, hakuna hata moja la mtu aliyewahi kuzaliwa.

Mchezo wao uliitwa Dure, neno la wazee la ujima wa shambani. Watu kumi na wawili, kila mmoja kwao na kompyuta yake, walikutana katika kijiji kimoja wakapanda mpunga, wakaezeka paa, wakachachusha kabichi kabla theluji haijaanguka. Wasipotimia kumi na wawili, lango la shamba halifunguki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ndiyo ilikuwa roho ya mchezo. Magazeti yaliusifu hata kabla haujatoka.

Miaka yote mitatu ya kuutengeneza, kila siku saa kumi kamili alasiri, Mkurugenzi Maeng aligonga kengele ndogo ya shaba na wafanyakazi wote sitini wakakaa kuucheza. Nani angekataa? Mwenye mafua alicheza, mwenye mume hospitalini alicheza. Malango yakafunguka papo hapo, vicheko vikatawala, na kwenye ripoti pakaandikwa kwamba hakuna anayesubiri hata dakika moja. Hakuna aliyejiuliza huko nje nani atawagongea watu kengele.

Eun-chae aliwahi kugusia. Alikuwa mgeni kazini bado. "Mkurugenzi, vipi lango likifunguka kwa watu wanne?"

"Wanne?" Maeng aliwageukia wenzake. "Wanne si ujima, Eun-chae. Wanne ni familia inayogombania rimoti."

Chumba kizima kilicheka. Eun-chae naye akacheka.

Siku ya uzinduzi watu walimiminika. Wiki ya tatu walianza kukaa langoni wakiwa tisa, wakiwa kumi, wanangoja. Mmoja aliinuka kwenda kuchemsha tambi asirudi, mwingine akachoka, na kila aliyeondoka aliwarefushia waliobaki kungoja kwao. Majani yalipoanza kupukutika, Maeng akaamuru watengenezwe wanasesere, wanakijiji wanaoendeshwa na mashine, wajaze nafasi. Wakapewa majina ya watu na visa vya watu, na wachezaji hawakuambiwa. Gil-ho, fundi wa mitambo aliyekaa meza ya jirani, aliwaunda kwa wiki mbili. Maneno ya kusema akapewa Eun-chae ayatunge. Mama wa mtoto wa miaka minne ana wakati gani wa kutunga? Alichukua yaliyokuwapo nyumbani. Ndiyo maana yule mwanasesere Mama Dalnim alilalamika kila siku kwamba bintiye anakohoa na uji hataki.

Aliyelituma sanduku alikuwa Bibi Sun-bok, mjane wa miaka sabini na moja, huko milimani Jeongseon. Hakuwa amekosa kuingia mchezoni hata siku moja.

"Mwandikie barua za shukrani kwa majina yao," alisema Maeng. "Kumi na moja. Badilisha mwandiko."

"Mkurugenzi, ni mtu mzima yule."

"Ndiyo maana. Unataka kumvunja moyo? Ijumaa wakubwa wanaamua tuendelee au tufunge. Wachezaji kama yeye ndio wanaotushikilia."

"Kijiji chake cha kweli kimebaki nyumba tatu zenye moshi. Aliniandikia mwenyewe."

"Basi sisi tumempa kumi na mbili. Kosa letu nini?"

Gil-ho alisogeza kiti chake. "Andika tu, dada. Mbili nipe mimi, niandike kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia wenyewe ni kuku kakanyaga wino."

Eun-chae aliandika ya Kwak. Akaandika ya Mzee Bong. Alipoinua kifurushi cha Mama Dalnim, kilikuwa kizito. Ndani hamkuwa na mboga, mlikuwa na chupa ya sharubati nzito ya mapeari na tangawizi, na kikaratasi: "Kijiko asubuhi, kijiko akienda kulala. Usimpe ya baridi. Wangu watano niliwalea hivi."

Kalamu ikamkatalia. Usiku uliopita binti yake Da-on alikuwa amekohoa mpaka akatapika, na hakuna mtu duniani aliyeuliza hali yake isipokuwa huyu. Eun-chae akachukua simu, akampigia bibi.

"Nani? Sema kwa nguvu, binti, masikio yangu yalistaafu kabla yangu."

"Ni Eun-chae, Bibi. Wa kampuni."

"Ee! Wamepata? Yule Kwak mwambie aziloweke usiku kucha, asiniletee uvivu wake. Anapenda utani, yule!"

"Bibi, Kwak hayupo."

"Katoka?"

"Hajawahi kuwapo. Ni mashine. Wote kumi na mmoja. Maneno yao nimeandika mimi."

Mbwa alibweka upande wa pili wa simu, akanyamaza.

"Wote?"

"Wote, Bibi."

"Mimi nilikuwa navaa sweta safi kabla ya kuingia," alisema Bibi Sun-bok polepole. "Najua naenda kwa watu."

"Nisamehe, Bibi."

"Na yule mtoto anayekohoa? Naye mmemtengeneza?"

"Mtoto yupo. Ni wangu. Anaitwa Da-on."

Bibi akamfukuza mbwa, akarudi kwenye simu.

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi kijiko kisijae," alisema bibi, akakata simu.

Jioni ile Bibi Sun-bok aliingia kwenye mchezo mara ya mwisho, akaandika kwenye ubao wa matangazo unaosomwa na vijiji vyote: "Majirani zangu walikuwa mashine. Ninyi wengine, waulizeni wenu majina ya mama zao." Kufika Jumatano, kila kijiji kilikuwa kinaulizana majina ya mama. Wanasesere, ambao hakuna aliyewatungia mama, wakajibu kuhusu mvua. Watu wakatoka, wengine bila hata kuaga.

Ijumaa kikao cha wakubwa hakikumaliza nusu saa: mchezo ufungwe.

"Ungengoja hiyo Ijumaa tu, dada," alisema Gil-ho. Tangu siku hiyo hakula naye tena chakula cha mchana.

Maeng hakufoka. Alikuwa ameshika ile kengele ya shaba, ulimi wake kaubana kwa kidole. "Ungeniambia mapema."

"Nilikuambia, Mkurugenzi. Wanne."

Maeng aliiweka kengele mezani. "Nami nikacheka."

"Sote tulicheka."

Mitambo ilizimwa mwisho wa mwezi uliofuata, saa sita mchana. Eun-chae alikifungua Kijiji cha Mto Mwembamba. Wale kumi na mmoja walikuwa wamesimama langoni na majembe yao, wanamngoja wa kumi na mbili. Mama Dalnim alikuwa anasema bintiye anakohoa. Kioo kikawa cheusi. Kwenye kabati ya chai, vifurushi kumi vya mboga vilikuwa bado vimepangwa. Eun-chae akavitia kwenye sanduku lake pamoja na kikombe na kalenda, akaondoka.

Nyumbani, Da-on, ambaye kifua chake kilikuwa kimepona zamani, aliikuta chupa ya sharubati kwenye sinki.

"Imekwisha," alisema. "Tumrudishie mwenyewe?"

Eun-chae alikuwa amemwandikia Bibi Sun-bok barua mbili kwa jina lake mwenyewe. Hakuna iliyojibiwa. Aliisuuza chupa kwa maji ya moto, akaigeuza dirishani ikauke.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu," alisema. "Tufikirie kwanza tutie nini."