Jibu Lile Lile

Hosea Threadgill hakuwa na gari tangu macho yalipomdhoofikia, hakuwa na meno ya juu ila ya kubandika, hakuwa na mtoto aliyebaki Alabama, na hakuwa na hamu ya kuitazama tena filamu ile. Zaidi ya yote, hakuwa na nguvu ya kutumaini. Cheti cha sekondari alikuwa nacho. Alikipata shule ya usiku akiwa tayari ana mvi, na kilitundikwa sebuleni kikiwa kimenyooka kuliko yeye mwenyewe.

Mkewe Vernell ndiye aliyemsukuma. Kila mwaka maktaba ya Selby Springs ilionyesha filamu ile katika jumba la zamani la sinema, kisha watu wakaketi kujadili haki na sheria.

"Nenda, Shemasi," alimwambia, akimwita kwa cheo chake cha kanisani huku akimfunga tai. "Ukizidi kukaa humu utaniganda kama mafuta ya nguruwe kwenye kikaango."

Aliyemgandisha ni Tavaris Mims, kijana ambaye Hosea hakuwahi hata kumpa mkono. Miaka miwili nyuma Tavaris alishtakiwa kwa wizi wa kutumia bunduki kwenye kituo cha mafuta. Shahidi alikuwa mmoja tu, mtu aliyemwona kutoka ng'ambo ya barabara jua likizama. Hosea aliitwa mahakamani pamoja na raia wengine ili wateuliwe kumi na wawili wa kuamua kesi. Desturi ya huko ni kwamba mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi hufuta majina kwa zamu mpaka wabaki hao kumi na wawili. Sheria inakataza kumfuta mtu kwa rangi yake. Basi anayetaka kumfuta hutafuta sababu nyingine, na mwenye kutafuta hakosi.

Ya Hosea ilipatikana upesi. Waliulizwa kundi kwa kundi kama wanaipenda ile filamu ya mahakamani inayopendwa na kaunti nzima. Hosea akasema anaipenda, na kwamba ilimfunza kuwa hata shahidi wa macho anaweza kukosea. Kwa jibu hilo mwendesha mashtaka alimwambia jaji kwamba mzee huyu hafai. Weusi wengine nao wakafutwa, kila mmoja kwa lake. Wote kumi na wawili wakawa wazungu, na Tavaris akapewa kifungo cha maisha. Mama yake alihamia kanisa la kina Hosea, akawa anaketi nyuma yake, hata kikohozi cha mama huyo Hosea akakijua kama cha mkewe.

Kisha alikuja Danita Oakes, wakili wa rufaa, akanywa chai ya baridi sebuleni na kueleza shida yake. Karani hakuyaandika yale maswali, na wakili aliyemtetea Tavaris alikuwa amekwisha kufa. Angempata mzungu hata mmoja aliyejibu kama Hosea na akabakizwa, angekuwa na la kusema mbele ya majaji: kwamba kilichomfuta Hosea ni rangi. Hosea alimwambia hakuyasikia makundi mengine. Akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi kuketi, na tangu hapo akawa mtu wa kuketi.

Jioni ya filamu miguu ilimpeleka yenyewe kwenye mlango wa uchochoroni wa jumba la sinema. Ujanani mwake weusi waliingilia hapo na kupanda roshani. Chini palikuwa pa wazungu. Alikuwa amefika katikati ya ngazi ndipo akakumbuka kwamba siku hizi anaweza kukaa popote. Lakini kushuka kuliumiza magoti kuliko kupanda, akaendelea juu.

Filamu ilikuwa ileile. Kuli mweusi wa reli anashtakiwa kuchoma ghala la pamba. Wakili mzungu mwenye suti iliyokunjamana anahutubia mpaka jaji anafuta machozi, na kuli anaachiliwa. Kuli mwenyewe hasemi kitu ila ahsante. Hosea alikumbuka walivyomcheka zamani kutoka viti hivihivi. Rafiki yake mmoja alisema jamaa yule ana adabu hata kamba ya kunyongwa angejifunga mwenyewe.

Taa zilipowaka, Bi Marjorie Claxton alisimama kule chini. Ndiye mzungu aliyemfundisha Hosea kuandika insha shule ya usiku, na hakuwahi kumdharau. Akasimulia kwamba katika ile kesi ya kituo cha mafuta aliulizwa kuhusu filamu hii.

"Nikamwambia mwendesha mashtaka imenifunza kwamba hata aliyeona kwa macho anaweza kukosea. Akatabasamu, akanibakiza."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akauliza waliamuaje. Bi Claxton alirekebisha mkoba wake.

"Tulimtia hatiani. Ushahidi ulionekana kutosha."

Hosea alimngojea mlangoni.

"Hosea! Sikukuona ndani."

"Nilikuwa juu, Bi Claxton."

Mama yule alitazama roshani, na shingo ikamwiva. Hosea akamweleza taratibu kwamba na yeye alijibu vilevile siku ileile, na kwa jibu hilo akafutwa. Na kwamba atamwandikia wakili wa rufaa.

"Wataniita niape," alisema Bi Claxton.

"Watakuita."

"Wataniuliza ilikuwaje nikaamini shahidi mmoja, baada ya kusema vile."

Bi Claxton akamwomba angoje ipite Pasaka, kifua chake si kizuri.

"Tavaris naye anangoja, bibi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, Hosea."

"Ndiyo, bibi. Nitaandika vizuri."

Nyumbani Vernell aliuliza kama itasaidia.

"Majaji ni walewale," Hosea alisema, akivua viatu. "Watanifuta kwa sababu nyingine. Nimechoka, Vernell."

"Najua. Hata mimi nimechoka kukutazama. Asubuhi nitakutengea meza."

Asubuhi, baada ya uji wa mahindi, aliandika alichojibu yeye na alichosikia kutoka roshani, bila kuongeza chumvi. Jina la mwalimu wake aliliandika kwa utulivu, na mbele yake akaweka "Bi". Vernell akaisoma barua kwa sauti mara moja, akamrudishia. Gundi ya bahasha ilikuwa chungu ulimini. Hosea alibana ukingo kwa kidole gumba, akaubana tena, akavaa kofia, akatembea kwa miguu hadi posta na kuitumbukiza.