Nyumba Kubwa kwenye Ukurasa wa Mwisho

Pamela hakuibiwa kompyuta, lakini afadhali ingeibiwa. Mwizi huchukua akaenda zake; hakupigii simu kukuuliza kama umeufurahia wizi wake. Shemeji yake Jacktone, mdogo wa mumewe na mwalimu wa kompyuta, aliingia kwenye kibanda chake cha uchapaji pale Rangwe siku ya Jumapili, Pamela akiwa kwenye misa Asumbi, akafuta mfumo wote wa kompyuta na kuweka mwingine, akibakisha faili zake tu. Eti ule wa zamani ulijaa virusi. Eti huu mpya ni wa bure na ni safi. Ruhusa hakuomba. Ni kama mtu aingie jikoni mwako, ahamishe chumvi, ahamishe kisu, ahamishe hata mafiga, kisha asimame mlangoni akingoja kushukuriwa.

"Ni mfumo mpya tu, shem," alisema. "Utazoea."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka tisa Pamela alikuwa ameandaa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha za familia ya marehemu, za nusu ya Rangwe, vidole vyake vikijua njia vyenyewe. Sasa alama ya kuhifadhi ilikuwa imehama, herufi alizozipenda hazikuwepo, na printa aliyokaa nayo miaka yote hiyo, eti haitambuliki! Jumatatu nzima ilipotea hivyo. Jumanne Jacktone alimsomea kwa simu maneno ya ajabu ya kuandika kwenye dirisha jeusi, nukta kwa nukta, mpaka printa ikaamka. Jumatano Pamela alilia, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Alhamisi asubuhi akaja Lorine kuichukua programu ya mumewe.

Lorine alikuwa mikayi, mke wa kwanza wa marehemu Mzee Nicanor, ambaye angezikwa kesho yake. Alikuwa amezaa mabinti wawili tu, wote wameolewa. Mke mwenzake Scovia alikuwa na wana watano wa kiume, na tangu Mzee afariki mashemeji walikuwa wameanza kunong'ona kwamba nyumba ya wasichana inaweza kutajwa hata mwishoni.

"Nyathina, mwanangu, hii programu si karatasi tu," Lorine alisema, akikaa kwenye benchi. "Watu wanaiweka kwa sanduku. Siku ya kesi ya shamba, hiyo ndiyo wanatoa mbele ya chifu. Mimi nataka nyumba yangu ikae pale Mzee aliiweka."

"Iko hapo, mama. Niliipanga wiki jana kwa mkono wangu."

Pamela aliifungua, akachapa nakala moja, akampa bila kuitazama. Lorine aliitazama. Ukurasa wa pili ulianza na Scovia na wanawe watano. Nyumba ya Lorine, pamoja na picha yake na majina ya mabinti zake, ilikuwa imetupwa ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya shukrani kwa watu wa mahema.

"Kumbe hata wewe wamekununua," Lorine alisema polepole.

Afadhali angempiga kofi. Pamela aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni mashine, akageuka kupigana nayo. Aliivuta ile sehemu hadi juu, ikatelemka. Aliifuta akaiandika upya. Picha ikaruka ikamfunika marehemu uso. Aliizima, akaiwasha, akaitukana kwa Dholuo, lugha ambayo mfumo mpya haukuwa nayo. Saa sita ikapita. Saa kumi kamati ya mazishi ingekuja kuchukua nakala mia mbili ziende na gari la maiti. Akampigia Jacktone.

"Shem, hiyo ni layout tu, mfumo mpya umehamisha mpangilio," Jacktone alisema, akitafuna kitu. "Si majina yote yako? Order si muhimu."

"Order si muhimu? Jacktone, wewe ni Mjaluo wa wapi?"

Alikata simu. Mtu amesoma hadi chuo, na hajui kwamba mama mzima anaweza kufutwa kwenye boma lake kwa kusogezwa kurasa mbili!

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Pamela alitoa mkasi na chupa ya gundi kwenye droo. Aliikata nyumba ya Lorine kutoka ukurasa wa mwisho, akaishusha ya Scovia, akaibandika ya Lorine juu kabisa, akaipeleka kwenye mashine ya fotokopi, ambayo haikuwa imesikia habari ya mfumo wowote. Lorine alisimama kando akikunja nakala moja moja. Saa kumi kasoro robo zilikuwa tayari, mia mbili kamili.

Kasoro ilikuwa moja. Kingo za karatasi iliyobandikwa ziliacha kivuli, na katika kila nakala nyumba ya Lorine ilizungukwa na mstari mweusi, mnene, kama fremu.

Ijumaa, mwenye kipaza sauti alisoma jinsi ilivyoandikwa. "Nyumba ya kwanza, nyumba ya mikayi." Lorine akasimama na mabinti zake mbele ya umati wote, na hakuna shemeji aliyefungua mdomo. Pamela, aliyekaa nyuma karibu na Jacktone, aliikunja programu yake akaitia mkobani.

Baada ya maziko Scovia alimjia, programu mkononi, macho mekundu kwa kilio na kwa hasira pia.

"Min Bravin," alimwita Pamela kwa jina la mwanawe, "niambie. Kwa nini nyumba yake iko na fremu na yangu haina? Ni nani alikutuma?"

Jacktone alifungua mdomo aeleze. Pamela alimkanyaga mguu.

"Hakuna mtu amenituma, mama," alisema kwa upole wote aliokuwa nao. "Ni mfumo mpya tu. Utazoea."